Bach kwa mono: Walcha wa Lübeck na Cappel

Wenzangu wa kazi ya sauti wananishangaa. Mtu anayeshinda akipanga maiki, akigombana na mwangwi wa kumbi na kubishana na wanakwaya wasiotaka kusimama walipoambiwa, akifika kwake anasikiliza nini? Mono, sauti ya mkondo mmoja isiyo na kushoto wala kulia. Tena si mono ya muziki wa dansi wa zamani, ambayo kila mtu anaisamehe kwa sababu ya kumbukumbu za ujana. Ni mono ya kinanda cha mabomba, chombo ambacho fundi yeyote atakwambia kwamba ukikirekodi hivyo umekionea. Nimebishana nao kwa mdomo nikachoka, sasa naandika.

Rekodi ninazozitetea ni za Helmut Walcha, Mjerumani, akipiga muziki wa kinanda wa Johann Sebastian Bach. Alianza Agosti 1947 katika kanisa la St. Jakobi mjini Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, akaendelea kati ya 1950 na 1952 katika kanisa la kijiji kiitwacho Cappel, karibu na pwani ya Bahari ya Kaskazini, huko kati ya Bremerhaven na Cuxhaven. Walcha huyohuyo alikuja kurekodi upya karibu kazi zote hizo kwa stereo, kwa vifaa bora na kwa muda wa kutosha. Mimi bado nampa mtu hii ya kwanza.

Nimweleze kidogo mwenyewe, maana bila hivyo hoja yangu haisimami. Walcha alizaliwa Leipzig tarehe 27 Oktoba 1907. Chanjo ya ndui ilimharibu macho, na alipofika miaka 19 akawa haoni kabisa. Wakati huo alikuwa tayari mwanafunzi wa kinanda wa Günther Ramin, mpiga kinanda wa Thomaskirche, kanisa lilelile ambako Bach alitumika kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Hakuacha. Mwaka 1929 akahamia Frankfurt kupiga kinanda kanisani, baadaye akawa profesa hukohuko, na alikaa Frankfurt hadi kifo chake mwaka 1991.

Sasa sikia alivyokuwa akijifunza kipande kipya. Mtu mwenye macho anampigia sauti moja tu, peke yake, toka mwanzo hadi mwisho. Miaka ya awali alikuwa mama yake, baadaye mkewe Ursula. Anaishika. Kisha sauti ya pili, nayo peke yake. Ya tatu. Ya nne. Zikishatulia kichwani, ndipo anaziunganisha mwenyewe. Hakuna hatua yoyote katika njia hiyo ambapo anasikia vidole vinne vikianguka pamoja kama kodi moja, yaani nota kadhaa zinazolia kwa mpigo. Kwake kila kipande kilikuwa watu wanne wanaotembea, kila mmoja na njia yake, wakikutana hapa na kuachana pale. Inaelezwa kwamba alipofikisha miaka 40 alikuwa amezibeba kichwani kazi zote za Bach za vinanda vya kibodi.

Mtu aliyekulia kwenye kwaya ataelewa haraka. Ndivyo tunavyofundishwa: sauti ya kwanza kaeni, sauti ya pili peke yenu, besi rudieni mstari ule wa mwisho mnaburuta. Tofauti ni kwamba mwanakwaya huondoka na sauti yake moja, ya jirani anaisikia kwa mbali tu. Walcha aliondoka na zote, na ukimsikiliza unajua. Hakuna sauti inayopiga magoti kuipisha nyingine. Sauti ya pili, ile ambayo wapiga kinanda wengi huitumia kuziba pengo, kwake ina mwanzo, ina pumzi, ina mahali inapokwenda.

Niliwahi kumchezea fuga moja ya Cappel, yaani kipande ambacho sauti huingia moja baada ya nyingine na wazo lilelile, mwalimu wa kwaya ninayerekodi naye, mzee wa solfa ambaye kwake nota za mistari ni mambo ya wazungu. Katikati nikamuuliza, kwa kujiona mjanja, "Mwalimu, umewasikia besi walivyoingia?" Hata hakufumbua macho. "Besi bado, kijana wangu. Huyo ni tenor kashuka. Subiri." Kweli, mistari kama minne baadaye miguu, maana kinanda hiki kina pedali za besi zinazopigwa kwa miguu, ikaingia chini kabisa. Mzee yule hakuwa amewahi kumsikia Walcha, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuisikia fuga ile. Kwa rekodi nyingine za kipande hichohicho, za stereo na mwangwi wa kanisa kuu, naamini angehitaji kurudia.

Turudi 1947. Lübeck ilikuwa katika eneo lililokaliwa na Waingereza, chakula kwa kadi, na marekebisho ya sarafu yalikuwa hayajafika, yalikuja Juni 1948. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliuchoma katikati ya mji huo. Kanisa la Marienkirche liliungua, na pamoja nalo vinanda vyake. Ndilo kanisa ambalo Dieterich Buxtehude alilipigia kinanda kuanzia 1668 hadi kifo chake 1707. Ndilo pia Bach, kijana wa miaka 20, alilifuata kutoka Arnstadt mwaka 1705, safari ya zaidi ya kilomita 400, akiwa na ruhusa ya wiki nne, akakaa kiasi cha miezi minne. Waajiri wake hawakufurahi. Kengele za Marienkirche zilizoanguka na kupasuka usiku ule wa 1942 ziko hadi leo pale zilipoangukia, sakafuni chini ya mnara.

St. Jakobi iko mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka hapo, na ilinusurika. Ndani yake kilibaki kinanda kidogo, "kidogo" kwa sababu kanisa lina kingine kikubwa, ambacho fundi Friedrich Stellwagen alikipanua mwaka 1636 na 1637 juu ya mabomba ya zamani zaidi, mengine ya karne ya 15. Mtunzi Hugo Distler alikuwa mpiga kinanda wa kanisa hilo kuanzia 1931 hadi 1937 na kinanda hicho kilimbadilisha namna ya kutunga. Kwa hiyo watu wa Deutsche Grammophon, kampuni ya santuri ya Ujerumani, walipotaka kuanzisha tawi jipya la muziki wa kale, lile lililoitwa Archiv Produktion, hawakwenda kutafuta chombo kikubwa chenye kishindo. Walikwenda kwa hiki. Rekodi za Walcha hapo ndizo zilizoanzisha Archiv.

Archiv walikuwa watu wa utaratibu kupita kiasi, na mimi nawapenda kwa hilo. Waligawa historia yote ya muziki katika vipindi 12 vya utafiti, Bach akapewa kipindi chake peke yake, cha tisa. Kila santuri ilitoka na kadi kama ya maktaba: kazi gani, nani kapiga, wapi, tarehe gani, kinanda gani. Siku hizi napakua albamu nzima ya kwaya kwenye simu na sijui hata jina la anayepiga kinanda, achilia mbali aliyeshika mitambo.

Aliyeshika mitambo Lübeck namjua: Erich Thienhaus. Huyu miaka miwili baadaye, 1949, alianzisha Detmold chuo cha kufundisha mafundi sauti wenye elimu ya muziki, na chuo hicho bado kipo kwa jina lake. Alichokuwa nacho mkononi ni kanda ya sumaku. Wajerumani walikuwa mbele ya wengine wote katika jambo hilo. Kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake ya Magnetophon Berlin mwaka 1935, na mwaka 1940 Walter Weber na wenzake wa redio wakagundua kwamba ukichanganya mkondo wa masafa ya juu kwenye kichwa cha kurekodia, kelele za kanda zinashuka ghafla na sauti inasafika. Kanda ilipita kwa kasi ya sentimita 77 kwa sekunde. Ukiwa fundi unajua maana yake: kasi hiyo inakula kanda vibaya sana, lakini inashika sauti za juu ambazo santuri za wakati ule haziwezi kuzigusa.

Jambo jingine kuhusu kanda ni muda. Santuri ya zamani ilikuwa na dakika nne, labda tano, kwa upande mmoja. Kabla ya kanda, mpiga kinanda alirekodi akitazama saa, akikata fuga katikati kwa sababu sahani ya nta ya kurekodia imekwisha, kisha anaanza tena kutoka palepale akijaribu kukumbuka kasi. Kwa kanda Walcha alipiga kipande kizima kwa pumzi moja. Mnunuzi wa 1948 bado aligeuza santuri katikati ya fuga, hilo halikukwepeka kabla ya santuri ndefu kufika, lakini kilichohifadhiwa kwenye kanda hakikuwa na mshono. Ndiyo maana leo tunaweza kukisikiliza kama kilivyopigwa.

Ukitaka kuisikia Lübeck yenyewe, nenda kwenye kile kipande ambacho hata asiyejua Bach anakijua, Toccata na Fuga ya re ndogo, BWV 565 (hiyo ni namba yake katika orodha ya kazi za Bach). Kwa solfa mwanzo wake ni m r m, inakaa, halafu inateremka r d t l se l. Filamu za mashetani zimekitumia mpaka kikachakaa, na tangu 1981 kuna wataalamu wanaotilia shaka kama kweli ni cha Bach, kwa kuwa nakala ya zamani zaidi tuliyo nayo imeandikwa na mtu mwingine, Johannes Ringk. Weka hayo pembeni. Sikiliza kinachotokea baada ya ile m r m ya kwanza. Wapiga kinanda wengi hapo huachia kanisa lizungumze, wanasubiri mwangwi uzunguke nguzo zote, msikilizaji asisimke. Walcha anakata. Kimya chake kina urefu kamili, hakiongezi hata chembe ya maigizo, kisha anarudia chini oktava moja, kisha chini tena. Halafu miguu inashika l ndefu na kodi inajengwa juu yake nota moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu. Na hapa ndipo mono inapoanza kunilipa: kila nota inayoongezwa naisikia ikiingia, naihesabu. Haijazama kwenye ukungu.

Sasa Cappel, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Kinanda cha Cappel hakikujengewa Cappel. Kilijengwa mwaka 1680 na Arp Schnitger, fundi mkubwa kuliko wote wa kaskazini mwa Ujerumani, kwa ajili ya kanisa la St. Johannis mjini Hamburg. Alitumia pia mabomba ya kinanda kilichotangulia, ya karne ya 16. Mwaka 1813 Wafaransa wa Napoleon, waliokuwa wameikalia Hamburg, waligeuza kanisa lile kuwa ghala, na kinanda kikavunjwa vipandevipande na kuhifadhiwa. Cappel nako, mwaka 1810, kanisa lilikuwa limeungua na kinanda chake. Wanakijiji wakajenga upya, na mwaka 1816 wakanunua kile cha Hamburg, kilichotumika, kikubwa kuliko mahitaji yao. Kina vivuto 30. Kila kivuto ukikivuta kinafungulia upepo safu nzima ya mabomba, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kwa kanisa la kijiji cha wakulima hicho ni kitu cha ajabu.

Halafu, na hili ndilo jambo la maana, kikaachwa. Karne ya 19 ilikuwa karne ya mtindo mpya wa vinanda vikubwa vyenye sauti nzito za kuvimba kama okestra, na makanisa mengi yenye fedha yalibadilisha ya zamani, mabomba makali yakatupwa, mengine yakayeyushwa. Cappel palikuwa mbali na njia ya mitindo. Kinanda kikapiga nyimbo za Jumapili, misiba na harusi, kwa zaidi ya miaka 100, na watu waliokuja kutafuta vinanda vya zama za Bach walikikuta kikiwa karibu kama Schnitger alivyokiacha.

Nieleze kilivyokaa, maana hoja yangu yote ya mono inategemea hapo. Kinanda cha namna hii hakikai kama kabati moja. Mpiga kinanda anakaa juu roshanini, mgongo wake ukiwaelekea waumini. Mbele yake kuna sanduku kuu la mabomba, Hauptwerk. Nyuma ya mgongo wake, likining'inia kwenye ukingo wa roshani kuelekea chini kanisani, kuna sanduku dogo la pili, ndiyo maana Wajerumani wanaliita Rückpositiv, la mgongoni. Kila sanduku lina kibodi yake. Kwa hiyo mpiga kinanda amekaa katikati ya masanduku mawili, na kwa msikilizaji aliye chini moja liko karibu, jingine liko mbali na juu zaidi.

Umeona? Mpangilio huo si wa kushoto na kulia. Ni wa mbele na nyuma. Na mono, ambayo haina kushoto wala kulia, mbele na nyuma inayo. Fundi yeyote anajua: chombo kilicho karibu na maiki kinasikika kikavu, kilicho mbali kinasikika kimelowa mwangwi, na sikio linapima umbali kwa tofauti hiyo hata ukitumia spika moja ya redio. Walcha anapopeleka mkono wa kulia kwenye kibodi ya Rückpositiv, ile sauti inapiga hatua inakusogelea. Akirudi Hauptwerk, inarudi nyuma. Kwenye sonata za sauti tatu, mkono mmoja huku, mwingine kule, miguu chini, unapata vina vitatu vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine. Stereo inakuongezea upana, sawa, lakini upana huo Schnitger hakuutumia kutenganisha sauti. Alitumia kina.

Jingine ni ukubwa wa kanisa. Kanisa la Cappel ni dogo, mwangwi wake ni mfupi. Kwa muziki wa sauti moja nzuri na kodi chini yake mwangwi mrefu ni neema. Kwa fuga ni mtihani: nota ya besi iliyokwisha bado inazunguka dari wakati besi imeshahama mahali pengine, na unasikia kodi ambazo hazikuandikwa. Cappel nota ikiachiwa, inakwisha. Unasikia hata kuachiwa kwenyewe, namna bomba linavyofunga, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza mwanzo na mwisho wa sauti, hiyo ni karamu. Hivi vinanda vya zamani havina umeme kati ya kidole na bomba. Ni vijiti na waya: ukibonyeza polepole, kilango cha upepo kinafunguka polepole. Walcha alilijua hilo vizuri. Kuna nota anaziachia mapema kidogo kabla ya ile inayofuata ili hiyo inayofuata isikike imezaliwa. Hakuna kinanda cha umeme nilichowahi kukiunganisha kwenye mikisa kinachokupa hivyo.

Kipande kimoja cha Cappel nakirudia kuliko vingine. Kimo katika mkusanyiko ambao Bach aliuchapisha mwaka 1739, sehemu ya tatu ya Clavier-Übung, na Walcha aliurekodi Cappel 1950. Ni "Aus tiefer Not", BWV 686, juu ya wimbo ambao Martin Luther aliutoa kwenye Zaburi ya 130, "toka vilindini nimekulilia". Kina sauti sita. Nne ziko mikononi, mbili ziko miguuni, kwa wakati mmoja. Mguu wa kushoto unatembea na besi, na mguu wa kulia, hapo ndipo penye wimbo wenyewe wa Luther, kwa nota ndefu nzito, katikati ya msitu wa sauti nyingine. Kabla ya kila mstari wa wimbo kuingia mguuni, sauti nyingine zinautangaza kwanza, moja baada ya nyingine, kwa nota fupi zaidi.

Nimesikia wapiga kinanda wazuri wakikipiga kipande hiki kikawa ukuta. Kinanda kizima kimefunguliwa, kishindo, unajua kuna jambo kubwa linatokea ila hulijui. Kwa Walcha ule wimbo wa mguu wa kulia unaushika tangu nota ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuambiwa uko wapi. Amechagua vivuto vikali na vyembamba, si vya kunguruma. Anakwenda kwa mwendo mmoja, hakokoti, hakimbii. Na mtu huyo hajawahi kuuona ukurasa wake. Kila moja ya sauti zile sita alipigiwa peke yake, akiwa amekaa anasikiliza.

Msinielewe vibaya, Walcha ana mapungufu na siyatetei. Ni mkali. Ukitaka mtu akubembeleze, huyu siye. Mapambo ambayo wataalamu wa leo wangeyaongeza anayaacha, na kwenye baadhi ya tungo za sala zilizo tulivu natamani angelegeza kidogo mstari upumue. Muziki wa kinanda wa karne ya 19 aliuweka kando. Hata Max Reger, ambaye kwa Wajerumani wa kizazi chake alikuwa karibu mtakatifu, alimkosoa waziwazi, na kwa hilo naona alizidisha. Lakini hata ukali huo una faida yake hapa: hajipendekezi kwa msikilizaji kwa vionjo vya siku yake, na ndiyo maana rekodi ya 1950 haijapata harufu ya kabatini.

Sasa ile ya stereo. Mwaka 1956 Walcha alikwenda Uholanzi, Alkmaar, kanisa la St. Laurens, kwenye kinanda cha Frans Caspar Schnitger, mtoto wa Arp, na kurekodi Sanaa ya Fuga ya Bach, moja ya kazi za mwanzo kabisa za Deutsche Grammophon kwa stereo. Seti nzima iliendelea hukohuko, kisha ikamaliziwa Strasbourg, Saint-Pierre-le-Jeune, kati ya 1969 na 1971. Sina ugomvi nayo. Kinanda cha Alkmaar ni dume, na Sanaa ya Fuga ile ningeichukua hata nikienda kuachwa kisiwani peke yangu. Ila kanisa ni kubwa, la mawe, refu, na sehemu ya kazi ya masikio yangu inakwenda kupambana na jengo. Wapo wanaopenda jengo. Mimi kwenye fuga napenda fuga.

Kuna mtihani mmoja mzuri kwa anayetaka kunipinga. Mwaka 1977 Walcha, akikaribia miaka 70, alirudi Cappel kurekodi waliomtangulia Bach: Sweelinck, Scheidt, Tunder, Buxtehude, Bruhns, Böhm, Pachelbel na wengineo. Ndizo rekodi zake za mwisho. Mtu yuleyule, kinanda kilekile kikiwa kimekarabatiwa, kanisa lilelile, stereo safi. Weka Buxtehude ya 1977 na Bach ya 1950 kwa zamu, sauti iwe sawa, na uwe mkweli. Mabomba makubwa ya pedali yana mwili zaidi 1977, hilo nakubali mara moja. Rekodi ya 1950 haishuki chini vile. Vivuto vya ndimi, yale mabomba yenye kipande cha shaba kinachotetemeka ndani, vina rangi ambayo 1950 unaikisia tu. Lakini umbali ule wa Rückpositiv na Hauptwerk, kile kina, nakisikia wazi zaidi kwenye mono. Kwenye stereo ninapewa vitu vingi vya kusikiliza kwa wakati mmoja, na sauti ya pili inaanza tena kuwa jirani wa mbali.

Kama unazitafuta, angalizo la kifundi. Seti ya mono imetolewa upya na kampuni mbalimbali, na si zote zimesafishwa sawa. Wapo waliopitisha kichujio kikali kuondoa mvumo wa kanda, na mvumo ukaondoka na vile vimabomba vidogo vya juu kabisa, vinavyolia kadhaa kwa pamoja kwa kila nota moja. Kinanda cha Schnitger bila hivyo kimekuwa baridi na kizito kama cha karne ya 19, yaani kile hasa ambacho Cappel iliepushwa nacho. Sikiliza kionjo kabla ya kulipa. Ukisikia "shhh" kwenye sekunde ya kwanza kabla Walcha hajashusha kidole, chukua hiyo. Na kwenye simu yako zima ile programu ya kuongeza besi na "upana", maana inatengeneza stereo ya uongo kwa kuchelewesha upande mmoja, na kina chote nilichokieleza hapa kinakufa.